Shingo kupinda baada ya dawa ya kuzuia kutapika

Umeuliza kama huyo dogo aliyepinda shingo ana jini au degedege. Hapana, sio jini wala degedege, huyo dogo kapata distonia ya dawa (misuli kujikaza yenyewe kwa sababu ya dawa), na iliyosababisha ni hiyo Plasil aliyopewa jana kuzuia kutapika. Plasil (metoklopramaidi) inaziba dopamini (kemikali inayopeleka ujumbe) kwenye ubongo na dopamini ndo inayosaidia kupanga misuli ikaze lini ilegee lini, sasa ikizibwa misuli inajikaza yenyewe, shingo inaenda upande, macho yanapanda juu yanaganda huko, ulimi unatoka nje, na mgonjwa anakusikia vizuri kabisa ila kuongea ndo shida. Degedege la mwili mzima fahamu zinapotea, huyu anazo.

Wamrudishe hospitali leo leo na pakiti ya dawa mkononi, wasimpe tena hata kidonge cha Plasil. Atachomwa promethazini au dawa ya jamii ya Artane (dawa za kulegeza misuli iliyokaza hivi), mara nyingi nusu saa haiishi shingo imerudi. Nimekaa wodini miaka, kuna mama alimleta mwanae na kombe la shehe kwenye chupa, wakatoka wanacheka. Waulizie na vidonge vya hiyo dawa ya kulegeza misuli vya siku mbili tatu maana distonia huwa inarudi. Wanaopata sana ni watoto na vijana, Ulaya tangu 2013 walishasema Plasil isizidi siku 5.

Ila kama taya limekaza na ana kidonda, au ana homa kali, hiyo inaweza kuwa pepopunda au homa ya uti wa mgongo, asikae nyumbani hata lisaa.