Vifuu na magunzi havitaki pipa moja

Mkuu, umesema ulitaka kutengeneza mkaa, ukajaza vifuu vya nazi na magunzi ya mahindi kwenye pipa moja la lita 200, ukalifunga baada ya saa mbili, na asubuhi ukakuta magunzi ni majivu, vifuu vina rangi ya kahawia ndani, na ulipovitia jikoni moshi ukawatoa watu nje. Mimi yalinipata hayohayo nilipoanza kuchoma huku Pangani, tena zaidi ya mara moja. Pipa lako ni zima. Tatizo ni kulifunga kwa kutazama saa.

Kifuu na gunzi vyote vimejengwa kwa vitu vitatu hasa: hemiselulosi na selulosi, ambazo ni nyuzinyuzi za mmea, na lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu, na kila kimoja kinavunjika kwa joto lake. Kwanza lazima maji yatoke. Huo ndio ule moshi mweupe mzito, ukiupitishia mkono unalowa. Maji yasipokwisha joto halipandi, ndiyo maana huwa naanika vifuu juani wiki nzima kabla ya kuvigusa.

Joto likifika kati ya nyuzi 220 na 315 za Selsiasi, hemiselulosi inavunjika. Moshi unageuka wa manjano, unawasha macho na kunuka siki. Na ni siki kweli, maana humo mna asidi ya asetiki. Tazama ukingo wa kifuniko utaona matone ya rangi ya kahawia yanachuruzika, yananata vidoleni. Hayo ndiyo yaliyokitoboa kifuniko changu cha kwanza. Selulosi inavumilia mpaka kwenye 315 hivi, halafu inaporomoka kwa kasi, na kwenye 400 karibu yote imekwisha. Sehemu kubwa yake huondoka kama mvuke na gesi. Lignini haina haraka. Inaanza kulegea mapema, hata kwenye 160, na huendelea kuachia kidogo kidogo mpaka karibu 900. Hiyo ndiyo inayoacha mkaa mwingi kuliko wenzake.

Sasa kifuu kina lignini nyingi, tena ni kigumu, joto linachelewa kupenya. Gunzi limejaa hemiselulosi na selulosi, na moyo wake ni laini kama sponji, hewa inapita. Ukivichanganya, gunzi linamaliza kutoa gesi zake mapema, kisha hewa inayoingia chini inaula ule mkaa wake mwepesi, wakati kifuu bado kiko katikati ya safari. Ukifunga hapo, umefungia moshi ndani ya kifuu. Kwa mkaa wa kuni, ulioishia kwenye nyuzi 300 huwa na kaboni kama asilimia 68 tu. Ukifika 500 inapanda hadi kama 86. Tofauti hiyo ndiyo iliyowatoa watu wako jikoni.

Mimi nachoma vifuu peke yake. Pipa lina matundu matano chini, limekaa juu ya mawe matatu. Nawasha vichache, vikishika naongeza kidogo kidogo mpaka lijae. Halafu nangoja moshi. Ukiwa mwembamba, wa bluu, kiasi kwamba naiona minazi ya ng'ambo kupitia humo, naliteremsha pipa chini, nazungushia udongo mbichi, nafunika na kukandika ukingo wote. Uzi mmoja tu wa moshi ukitoka, ujue kuna ufa, uzibe.

Usifungue mapema. Kuna siku niligusa kifuniko alfajiri kikawa baridi, nikamimina mkaa kwenye gunia. Katikati bado kulikuwa na moto. Upepo ulipoupiga, gunia likashika na nusu ya mzigo ikateketea. Sasa nagusa ubavu wa pipa kuanzia chini hadi juu, na kukiwa na vuguvugu popote naliacha. Na pipa lisilale karibu na chumba cha watu, hata likionekana limezimika. Monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu.

Kifuu kilichoiva ukikiangusha sakafuni kinalia kama kigae, na ukikivunja ni cheusi kinachong'aa mpaka ndani. Hivyo vyako vya kahawia usivitupe, virudishe kwenye pipa linalofuata. Magunzi yachome siku yake, pipa ulifunge mapema zaidi, kisha uyaponde na kuyakanda kwa uji wa muhogo utengeneze mkaa wa kufinyanga, maana yakibaki hivyo yalivyo yanasagika hata kabla ya kufika sokoni.