Der Reis, das Reis: kwa mfasiri anayeanza na maandishi ya matunda

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mwongozo wa kutunza mitufaha na mipea, kutoka Kijerumani hadi Kiingereza. Nilikuwa na cheti, kamusi mbili na chumba kitulivu Kilimani, Nairobi. Mche ukipandikizwa sikuwa nimewahi kuuona.

Neno lililonikwamisha ni Edelreis. Reis nililijua ni mchele. Lakini der Reis ndiyo mchele, das Reis ni kijiti. Sisi tunaosema paa la nyumba na paa wa porini hatupaswi kushangaa. Ngeli ndiyo inayotenganisha maana. Basi soma artikeli, na utazame wingi pia: ukikuta Reiser, hapo hakuna mchele. Edelreis ni kijiti kinachokatwa kwenye mti wa aina nzuri ili kipandikizwe, na Waingereza hukiita "scion". Kinakaa juu ya Unterlage, neno ambalo kwenye barua za ofisi huwa ni hati, lakini shambani ni "rootstock", yaani mche wenye mizizi unaopokea kijiti.

Nilikwenda kwenye kitalu cha miche kando ya Barabara ya Ngong, na ningekushauri uende wiki hii hii. Mzee wa pale alikuwa akipandikiza parachichi. Alichonga kijiti pande mbili kikawa kama kabari, akapasua shina la mche, akakichomeka na kuanza kufunga kwa utepe wa nailoni. "Angalia hapa, binti yangu," akaniambia, "hii kijani chini ya ganda lazima ikutane na kijani ya mwenzake. Zikipishana, kinakauka." Ile kijani ndiyo Kambium niliyokuwa nimeifasiri kurasa tatu bila kujua iko wapi. Nilirudi nyumbani nikaandika upya sura nzima.

Maneno ya kuungwa ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu kila kipande unakijua. Fruchtkuchen: tunda, keki. Kumbe ni kivimbe kinachobaki kwenye kitawi pale tunda liliposhika, na macho ya matunda yajayo huota hapo hapo. Kiingereza chake ni "bourse". Mkulima akisoma tafsiri mbovu akakata vivimbe hivyo, amejikatia mavuno.

Kosa lililoniuma ni la neno "ripe". Mwongozo ulikuwa na Pflückreife na Genussreife, na yote mawili nikayapa neno hilo moja. Mteja alirudisha kazi, na alikuwa na haki. Pflückreife ni wakati wa kuchuma, Genussreife ni wakati wa kula, na kwa pea kati ya hizo mbili kuna siku nyingi, pengine miezi akiba ikiwa baridini. Ajabu ni kwamba nilikuwa nikilijua jambo hilo tangu utotoni: parachichi huchumwa gumu, likaiva ndani ya nyumba. Sikulihusisha tu na karatasi iliyokuwa mbele yangu.

Muulize mteja pia msomaji wake yuko wapi. Hochstamm, mti wa matunda wenye shina refu, hupimwa kwa urefu wa shina kabla ya matawi kuanza, kama sentimita 180. Mwingereza huuita "standard", lakini Mmarekani akisikia "standard" hufikiria mti uliokua hadi ukubwa wake kamili, usio wa kibete. Kwake, andika urefu wenyewe.

Magonjwa hayasumbui sana: fuata jina la Kilatini. Feuerbrand, yaani "fire blight", huletwa na bakteria Erwinia amylovora popote uendapo. Stippe, yale madoa ya kahawia yanayoingia ndani ya tufaha lililokosa kalisi, ni "bitter pit". Hatua za ukuaji nazo zina nambari za BBCH, mfumo wa kimataifa wa kuzihesabu hatua hizo, na nambari haibadiliki kwa lugha: 54 ni Mausohr, sikio la panya, majani machanga yanapochomoza; 65 ni maua yaliyochanua kabisa. Ukiona nambari pembeni ya neno usilolielewa, anza na nambari.