Kulungu anaposhuka chini ya mshale: tatizo si nguvu ya upinde

SWALI: Fundi, habari za kazi? Niko Pennsylvania, nawinda kulungu mkia-mweupe kwa upinde wa rikavu, yaani wenye ncha zilizopinda kwenda mbele, wenye uzito wa kuvuta wa paundi 45, na mishale ya kaboni yenye uzito wa greni 380 (gramu 25 hivi). Nikilenga shabaha nyumbani, napiga vizuri hadi mita 20. Porini mambo ni mengine. Kulungu jike anasimama mita 18 hivi, ubavu wote wazi, naachia, mshale unapita juu ya mgongo. Imeshajirudia. Rafiki mmoja anasema nilenge chini ya tumbo, mwingine anataka ninunue upinde wake wa paundi 60. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, ndugu yangu. Huyo jike hakuuona mshale wako, aliusikia upinde. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa uzito huo kutoka upinde huo unakwenda kama mita 54. Kwa umbali wa mita 18, mlio wa uzi unamfikia baada ya sehemu 5 za mia za sekunde, na mshale baada ya sehemu 33. Tumpe sehemu 10 za kushtuka. Zinabaki 18 ambazo mwili wake unashuka. Kulungu hakimbii kwanza. Anashuka, kama mtu anayekunja magoti kabla ya kuruka, na kitu kinachoanguka kwa muda huo hushuka sentimita 15 au 16. Kutoka katikati ya kifua chake hadi mgongoni ni karibu hivyo hivyo. Mkono wako haukukosea. Ulipiga pale alipokuwa.

Sasa rudia hesabu kwa mita 12. Muda wa kushuka unabaki chini ya sehemu 9, na mwili unashuka sentimita 4 tu. Mita sita zimeondoa karibu robo tatu ya tatizo, na hujanunua kitu. Ningekuwa wewe, msimu huu nisingemwachia mshale kulungu aliye zaidi ya mita 15, hata kama shabahani unapiga 20 bila shida. Shabaha haina masikio.

Upinde wa paundi 60 hautakuokoa. Ukiuwekea mshale unaolingana na nguvu yake, kasi inabaki karibu ile ile. Ukiuwekea mwepesi, unapata kasi kidogo na kelele nyingi. Hata pinde za kapi zinazorusha mshale mita 90 kwa sekunde, mlio wake unatangulia mbali. Halafu mtu aliyezoea 45 akirukia 60 huanza kuachia uzi kabla hajafika mwisho wa mvuto, na hapo shabaha yenyewe inaharibika. Sheria ya Pennsylvania inataka paundi 35 au zaidi. Wako unatosha kabisa, alimradi kigumba kina makali ya wembe.

Ushauri wa kulenga chini ya tumbo unanisikitisha, maana ni kucheza kamari na mwili wa mnyama. Asiposhuka, unampasua tumbo au unamvunja mguu, akaenda kufia mbali kwa mateso. Lenga theluthi ya chini ya kifua, nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele. Akitulia, mshale unapiga moyo. Akishuka kidogo, unapiga mapafu. Na awe amekupa ubavu au amegeuka kidogo kuelekea mbali nawe. Akikuelekea kifua, mwache.

Tuje kwenye upinde. Mshale wako ni mwepesi kwa upinde huo, greni 8 na kitu kwa kila paundi. Upeleke kwenye 10, yaani greni 450 au zaidi kidogo. Mshale mzito hubeba nguvu nyingi zaidi ya upinde, hivyo inayobaki kutikisa uzi na mikono ya upinde ni ndogo, na mlio unageuka kutoka ukali wa gitaa kuwa mdundo mzito ambao hauwashtui sana. Utapoteza mita tatu nne za kasi. Kwa mita 12, hiyo inampa kulungu sentimita moja au mbili zaidi za kushuka, bei ndogo mno. Ila ukiongeza uzito kwenye kigumba, mshale utapinda zaidi unapotoka. Piga mmoja usio na manyoya kwa mita 10 pamoja na wenye manyoya. Kama unatumia mkono wa kulia na ule mtupu unaangukia kulia ya wenzake, mti wake umekuwa laini mno: punguza uzito wa mbele au tafuta mgumu zaidi.

Kisha pima nafasi kati ya mshiko na uzi. Rikavu nyingi hutulia kati ya sentimita 19 na 22. Sokota uzi mizunguko michache, piga, sikiliza, sokota tena. Utafika mahali mlio unakufa ghafla. Bandika ukanda wa mahameli au ngozi nyembamba pale uzi unapogonga mikunjo ya ncha, maana huko ndiko kelele nyingi za rikavu zinakozaliwa. Kwenye uzi funga vishungi viwili vya sufu au manyoya ya biva, yule mnyama wa majini, kimoja robo ya uzi kutoka juu, kingine theluthi kutoka chini. Sufu ikilowa huwa nzito. Manyoya ya biva hayashiki maji.

Kuna jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Sikio lako liko karibu mno na uzi, kwa hiyo acha simu irekodi nyuma ya gogo nene karibu na shabaha, halafu piga. Utasikia anachosikia kulungu. Ugonge pia upinde kwa kifundo cha kidole: podo lililofungwa pembeni yake likiwa limelegea hata kidogo, litalia.

Lakini upinde wa kimya hausaidii kwa mnyama ambaye tayari ana wasiwasi, na naona hapa ndipo ulipokwama zaidi. Jike mzee akihisi jambo huinua kichwa, huelekeza masikio mahali pamoja, hupiga chini kwa kwato ya mbele. Hata akiinamisha kichwa usimwamini: mara nyingi hujifanya anakula, kisha anakiinua ghafla akuone ukivuta. Aliyetulia hutafuna kweli, mkia unacheza huku na huku, masikio yanazunguka kila upande. Huyo ndiye wa kupigwa. Wengine humsimamisha kulungu kwa kuigiza mlio wake. Kwa upinde wa jadi kama huo wako sikushauri, kwa sababu unamwamsha sekunde ile ile unayotaka awe amelala akili.

Afadhali asimame mwenyewe, kwa chakula. Mwezi wa kumi tafuta mwaloni mweupe unaoangusha mbegu, weka ulingo wako mita 12 upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako. Usipande juu sana. Mita nne au tano zinatosha. Ukiwa mita nane juu na yeye yuko karibu hivyo, mshale unaingia kwa mwinamo mkali na unaweza kugusa pafu moja tu. Funga mkanda wa usalama tangu unapoacha ardhi. Vuta uzi wakati kichwa cha kulungu kiko nyuma ya shina, kwa sababu upinde wa jadi hauruhusu kushikilia mvuto muda mrefu ukimsubiri.

Ukishapima nafasi ya uzi, niandikie kipimo pamoja na urefu wa upinde na urefu wa mvuto wako, nikuchagulie mti wa mshale.