Maharage yako ghalani, shule imefungwa: nani amlipe nani?

SWALI (Juni 2020): Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Uyole, Mbeya, na tangu Julai mwaka jana nina mkataba wa mwaka mmoja wa kuipelekea chakula shule moja ya sekondari ya bweni ya Serikali. Mapema Machi nilipewa LPO (hati ya kuagiza mzigo) ya magunia 40 ya maharage. Nilikuwa nimeshapeleka 15, mtunza stoo akayapima na kunisainia, ndipo tarehe 17 Machi shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Magunia 25 bado yamo ghalani kwangu na fukusi wameanza kuyatoboa. Nikiulizia malipo najibiwa kwamba korona imevunja mkataba. Nina pia wafanyakazi wanne wa mshahara wa mwezi, ambao niliwaambia wakae nyumbani bila malipo hadi shule zifunguliwe. Mmoja wao amenipeleka CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Je, sheria inanilinda? – Mzabuni, Uyole.

JIBU: Ndugu mzabuni, inakulinda upande mmoja na kukubana upande wa pili, kwa sababu hoja unayoikataa ikitoka shuleni ndiyo hiyo hiyo uliyowapa wafanyakazi wako.

Tuanze na yale magunia 15. Mzigo ukishapokelewa, ukapimwa na kusainiwa, malipo yake ni deni, na ugonjwa uliokuja baadaye hauwezi kulifuta. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba mkataba hubatilika pale jambo lililoahidiwa linapokuwa haliwezekani tena kutendeka au linapokuwa kinyume cha sheria. Kulipa maharage yaliyokwisha kupokelewa si jambo lisilowezekana.

Magunia 25 yana ubishi zaidi. Shule inaweza kudai kwamba wanafunzi waliondolewa kwa amri ya Serikali, kwa hiyo hapakuwa na wa kuyala. Nawe unaweza kujibu kwamba LPO haikuwa na sharti hilo, kwamba amri ilifunga madarasa na mabweni bila kuzuia stoo kupokea mzigo, na kwamba kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni wakaanza kula tena. Kwa maoni yangu hoja yako ina uzito, lakini soma kwanza kipengele cha mkataba kinachohusu matukio yaliyo nje ya uwezo wa wahusika. Vipengele vya aina hiyo kwa kawaida humtaka anayevitegemea atoe taarifa ya maandishi mapema, na mara nyingi husimamisha utekelezaji kwa muda tu. Uliza kama shule iliwahi kukuandikia. Jibu la simu si taarifa ya mkataba. Ama kiasi cha mwaka mzima kilichokadiriwa kwenye zabuni bila kutolewa LPO, hicho kwa kawaida si ahadi ya kununua, na sikushauri ukidai.

Ukifikiria kushtaki, jua kwamba unashughulika na Serikali. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku zisizopungua 90, nakala yake ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lenyewe lifunguliwe Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mapema mwaka 2020, utaratibu huo unazihusu hata halmashauri. Kwa magunia 40 ya maharage, barua nzuri yenye nakala ya LPO na hati ya mapokezi ina faida kuliko kesi.

Sasa wafanyakazi, na hapa ndipo ninapokuhofia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mwajiri ruhusa ya kumlaza mtu nyumbani bila mshahara kwa uamuzi wake mwenyewe. Mkataba wao haukuwa na shule, ulikuwa na wewe. Ungeweza kuwapangia likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28 zenye malipo, au kukubaliana nao kwa maandishi kupunguza siku za kazi na ujira. Kwa kuwa hukufanya hivyo, mshahara wa miezi hiyo unadaiwa, na kule Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nakushauri ulimalize hilo kwenye usuluhishi kabla halijafika kwenye uamuzi.

Kama kweli biashara haibebi watu wanne, kifungu cha 38 cha sheria hiyo hiyo ya ajira kinaruhusu kupunguza wafanyakazi, ila kwa hatua: uwape taarifa mara tu unapolifikiria jambo hilo, uwaeleze sababu kwa takwimu zako, mjadiliane namna ya kuliepuka, na mkubaliane vigezo vya nani atoke. Hata mkikaa juu ya magunia, andikeni muhtasari na kila mtu asaini. Atakayetoka apewe notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo asiyoichukua, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kisichozidi miaka 10. Mpakiaji anayelipwa shilingi 260,000 kwa mwezi kwa siku sita za wiki hupata shilingi 10,000 kwa siku; kwa miaka mitano kiinua mgongo chake ni shilingi 350,000.

Shule zote zinafunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Kabla ya siku hiyo mpelekee mkuu wa shule barua ya kwamba uko tayari kukabidhi magunia 25, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Lakini yamwage kwanza turubaini uyachambue, kwa sababu mzigo usiokabidhiwa bado ni wako, na wakaguzi wakikuta fukusi wataukataa kwa haki, na korona haitakuwa na uhusiano wowote na kukataliwa huko.