MV Dania haikuzamishwa na dhoruba

Kaka, umesema meli ya MV Dania ilizamishwa na dhoruba, na kwamba cheti cha kwanza cha kupiga mbizi kinatosha kwenda kuitazama chini ya bahari. Hapana, haikuzama kwa dhoruba. MV Dania ilikuwa meli ya kubeba mifugo, na ilizamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya mwamba wa pwani ya kaskazini mwa Mombasa, upande wa Bamburi, iwe makazi ya samaki. Kabla ya hapo ilisafishwa. Ndiyo maana imekaa wima mchangani, wala haikulala ubavu kama meli nyingi za ajali.

Hilo la "cheti cha kwanza kinatosha" ndilo linalonitia wasiwasi. Cheti cha mwanzo cha PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, kinakuruhusu kushuka mita 18, na mchanga ulipokaa Dania ni kama mita 30. Kule chini shinikizo ni mara nne ya la juu, kwa hiyo mtungi unaisha upesi kuliko unavyodhani, na wengine akili huanza kulewa. Chukua cheti cha pili kwanza, na usiingie ndani ya meli kama hujafundishwa kuingia, hata mlango ukiwa wazi.

Samaki wapo, tena wakubwa: chewa wanaojificha gizani, mikunga kwenye matundu ya vyuma, makundi ya kolekole yakizunguka juu, na matumbawe laini yameshavaa kingo. Ukiweza kuchagua, nenda kipindi cha kaskazi. Wakati wa kusi bahari huchafuka, hata boti kutoka ni shida.