Kitambaa cha kuhimili joto: usishindane na kontena kwa bei ya mita

Mwenye karakana ndogo ya vitambaa vya kuhimili joto akiona bei ya mzigo wa nje, wazo la kwanza ni kushusha ya kwake. Huko hakuna ushindi. Nyuzi za kioo, ambazo ndizo hufumwa kuwa kitambaa hiki, hutoka kwenye matanuru yanayowaka usiku na mchana kwa miaka, kwa sababu kioo kikiganda ndani, tanuru limekwisha. Mwenye tanuru la namna hiyo lazima auze, soko liwe zuri au baya. Nyuzi nunua kwake, hata jora la kawaida la gramu 600 kwa mita ya mraba ukibidi. Wewe uza kile ambacho hakiji kimekunjwa ndani ya kontena: jaketi la vali, yaani koti la kitambaa lenye sufi katikati linalofunikia vali ya moto ili joto lisipotee, lililokatwa kwa kipimo cha vali yenyewe.

Kabla ya kukata, lijue jora. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 ukipime. Gramu zake mara 100 ndizo gramu kwa mita ya mraba. Kisha kiunguze kwenye tanuru dogo kwa digrii 625 za Selsiasi mpaka uzito uache kushuka. Kikiingia na gramu 6.0 kikatoka na 5.4, asilimia 10 ya ulicholipia ilikuwa wanga na mafuta ya kulainishia nyuzi, na moshi wake ungetokea kwa mteja siku ya kwanza boila inapowashwa. Kipimo hiki hakifai kwa kitambaa kilichopakwa silikoni, maana silikoni huacha majivu ya silika (madini ya mchanga) na hesabu inadanganya.

Lebo za joto nazo zina ujanja wake. Kioo cha kawaida hutajwa kwa digrii 550, silika kwa karibu 1,000, lakini mpako wa silikoni mwisho wake wa kazi ya kila siku ni kama 260. Muuzaji huandika 550 kubwa na kunyamazia mpako. Halafu hata kioo kitupu kikikaa kwenye joto hilo hakiyeyuki, ila hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kikitikiswa na pampu, kinakatika penye mikunjo.

Kwenye jaketi, kosa linalokula faida ni kukata uso wa ndani na wa nje kwa urefu mmoja. Chukua flanji (duara la chuma la kuunganishia mabomba kwa bolti) ya kipenyo cha milimita 200 na sufi ya kuhami yenye unene wa 50. Ndani unahitaji 200 × 3.14, yaani 628. Nje kipenyo kimeshakuwa 300, kwa hiyo ni 942. Tofauti ni milimita 314! Aliyekata sawasawa huibana sufi ili jaketi lifunge, na sufi iliyobanwa haizuii joto inavyopaswa. Ongeza milimita 50 za kupandishana pale jaketi linapofungwa, acha nafasi ya vichwa vya bolti, na toboa tundu la kutolea maji upande wa chini, kwa kuwa sufi iliyolowa ni hasara tupu.

Upande wa bomba weka kioo kisichopakwa, au silika kama joto ni kali. Silikoni ikae nje kuzuia mafuta na mvua. Ukigeuza kwenye bomba la digrii 400, silikoni itatoa moshi, itakauka na kupasuka, na mteja atasema bidhaa za nyumbani hazifai.

Uzi wa polyesta huyeyuka karibu na digrii 260, usiuguse kwa kazi hii. Tumia uzi wa aramidi, nyuzi imara zisizoyeyuka, yenye waya wa chuma cha pua katikati: aramidi ikiungua, waya unabaki umeshika. Mishono 2 hadi 3 kwa sentimita inatosha. Ukizidisha, sindano hukata kioo na kuacha mstari wa kuchanikia kama wa stempu. Ukingo pinda mara mbili, la sivyo mtande (nyuzi za urefu) unaachia mshindio (nyuzi za upana) na jaketi linafumuka.

Blanketi la kukinga cheche za kuchomelea vyuma ni habari nyingine. Cheche ni nyepesi, lakini tone la chuma kilichoyeyuka hutulia na kutoboa. Kwa kazi iliyo chini ya mchomeleaji tumia kitambaa kizito kilichopakwa vemikulaiti (madini yanayostahimili moto), na umwambie mnunuzi waziwazi kwamba silikoni nyembamba ni ya kusimamishwa kama pazia tu.

Bei itoe kwa jaketi, siyo kwa mita, na hesabu vipande vinavyobaki: vyembamba huwa kamba za mlango wa tanuru. Kila jora likate kipande cha sentimita 30, uandike tarehe, uzito na mteja aliyelipata, kisha ukihifadhi. Malalamiko yakija baada ya miezi minane, hicho kipande ndicho kitakachorudi kwenye mizani.