Anza na paina, mninga utakuja wenyewe

Wadogo zangu mnaoingia karakana za useremala, iwe mmetoka VETA, chuo cha viwanda vya misitu pale Moshi, au mmeletwa tu na mjomba baada ya kidato cha nne, karibuni. Najua mlichokuja nacho kichwani. Kila kijana anataka wiki ya kwanza apewe mninga, atengeneze kitanda cha sita kwa sita chenye nakshi kichwani, apige picha arushe mtandaoni. Ushauri wangu ni tofauti: miezi ya mwanzo shika paina, na ukipewa mninga kabla ya hapo, mwachie fundi wako.

Paina ndiyo inayoubeba mji, ila haionekani. Ingia saiti yoyote Dar au Dodoma. Kenchi za paa ni paina, mbao za kumwagia zege ni paina, na mirunda inayoshikilia slabu mpaka ikauke ni mikaratusi, ndugu yake wa shambani. Sofa unalolikalia, mteja anaona kitambaa na sponji. Ukilichana ndani utakuta fremu ya paina. Nguzo za umeme za mbao zinatoka kwenye mikaratusi ya Iringa na Njombe. Ile karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko ya saruji inatengenezwa Mgololo kule Mufindi, na malighafi yake kubwa ni paina. Kuna watu wanasema mbao ni mambo ya zamani, siku hizi ni chuma, alminiamu na zege. Waambie wamwage hilo zege bila mbao.

Huo mninga unaouwazia hukua porini kwenye miombo, polepole mno, na mti wa leo ulianza kuota kabla babu yako hajaoa. Mkongo vilevile. Mpingo ndio usiseme, huo hata shoka linaulalamikia, na kipande chake ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama. Mitiki angalau inapandwa, serikali ina mashamba Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Lakini paina ina Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na wakulima wa Mafinga, Makete na Njombe wanapanda kama wanavyopanda mahindi. Kazi yako ya miaka 30 ijayo iko hapo, upende usipende.

Sasa sababu ya kiufundi, na hii ndiyo wengi hawaambiwi. Mninga unasamehe. Ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana zikikauka, kwa hiyo hata ukiunganisha ovyo, meza itakaa. Kijana aliyejifunzia kwenye mninga anajiona fundi, siku akipewa paina kila mlango unamgomea. Paina haikufichi kitu. Inajikunja, inapasuka, inasokota, na kila inapofanya hivyo inakufundisha mti ni nini.

Jambo la kwanza la kulielewa ni maji. Paina ikitoka kwenye dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia magogo, huko Mafinga na kupakiwa kwenye fuso, maji yaliyomo yanaweza kuwa mazito kuliko mbao yenyewe. Ikifika yadi, muuzaji atakuambia "kavu hiyo fundi", kwa sababu juu imepigwa jua siku mbili tatu. Usibishane naye, pima. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwa mzani mdogo wa jikoni, tuseme gramu 260. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi na ukipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Kikigoma kwenye gramu 200, maana yake gramu 60 zilikuwa maji. Gawanya 60 kwa 200, unapata asilimia 30.

Hiyo asilimia 30 ikariri. Juu ya hapo, mbao ikipoteza maji inakuwa nyepesi tu, vipimo vyake havibadiliki. Kusinyaa kunaanzia karibu na hapo kwenda chini. Ukitengeneza mlango kwa mbao ya asilimia 30, kusinyaa kote kutatokea nyumbani kwa mteja. Ubao wa paina wa inchi nane, yaani milimita 200, ukisinyaa asilimia 4 tu umepungua milimita 8. Penseli inapita kwenye mwanya huo. Kwa urefu haupungui cha kuonekana, upana ndio wa kuangalia.

Na mbao haitulii mahali pamoja. Hewa ya Dar ina unyevu, mbao ikiachwa kivulini inatulia kwenye asilimia 15 hivi. Meza hiyohiyo ipeleke Dodoma, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, itaendelea kukauka. Ndiyo maana siku hizi, kila kitu kinapohamia Dodoma, unasikia malalamiko ya meza za mikutano kupasuka katikati. Mara nyingi mbao haina kosa. Aliyeitengeneza aliifunga kila upande kwa gundi na skrubu, ikakosa pa kusinyaa. Paneli ya mlango ikae kwenye mfereji wa fremu bila gundi, icheze. Juu ya meza pafungwe kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu kidogo, si duara la kubana.

Ukinunua, usiangalie ubavu wa ubao peke yake, soma kichwa chake, pale ulipokatwa. Utaona pete za ukuaji. Zile pete zikikauka zinataka kunyooka, kwa hiyo upande uliotazama moyo wa mti utatuna na ule wa nje utabonyea. Ukishajua hilo, unapanga mbao za meza moja moyo juu, nyingine moyo chini, mikunjo inagawana. Pete zikiwa pana kama kidole, ujue mti ulikatwa ukiwa mchanga. Wakulima wengi wanakata miti ikiwa na miaka 10 au chini ya hapo, ada za shule hazisubiri, siwalaumu. Lakini mbao ya mti mchanga ni nyepesi, ina macho mengi, yaani alama za matawi, na hii hata kwa urefu inaweza kupinda kama upinde. Itumie kwenye fremu ya sofa au kumwagia zege. Mlangoni usiiweke.

Kupanga stoo nako kuna utaalamu, ingawa utaona kazi hiyo wanaachiwa vibarua. Mbao ziinuliwe kutoka chini, kila safu itenganishwe kwa vijiti vya unene mmoja, na vijiti vya safu ya juu vikae juu ya vile vya chini, mstari mmoja wima. Kijiti kikihama, ubao unakauka umeinama na hautanyooka tena. Ncha zipake rangi yoyote iliyobaki ili zisikimbilie kukauka na kupasuka. Kivuli, hewa, uvumilivu. Jua la moja kwa moja linakausha haraka na kuharibu haraka.

Karatasi mtachoka kuzisikia, ila ni lazima. Mazao ya misitu yanasafiri kwa hati ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na mbao halali hugongwa alama kwa nyundo yao. Tunza risiti, hasa za mbao za asili. Mkongo wa bei poa unaoletwa usiku una sababu ya kuwa bei poa.

Vaa barakoa. Vumbi la mbao liliorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani ya pua tangu 1995, na la mvule linawasha kifua hata kabla ya kufikia saratani. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii vumbi la msasa.

La mwisho ni mbao za dawa, zile za kijani za kenchi. Kuna zilizoingizwa dawa kwa mtungi wa presha na kuna zilizochovywa rangi zikaanikwa. Kata inchi chache kutoka kwenye ncha utazame ndani: dawa ya kweli imezama kwenye mbao, rangi imeganda kwenye ngozi na ndani ni peupe, mchwa wanakaribishwa. Tatizo la pili ni mabaki yake. Dawa nyingi za aina hii zina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Vipande hivyo visichomwe, maranda yake yasiwekwe kwenye banda la kuku. Tengeni gunia lake pembeni, na mama lishe akija kuomba kuni za kuwashia jiko, mpeni vile vyeupe.